Shingo ya Binadamu: Mitambo Miwili Chini ya Kichwa Kimoja

Katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ambako mabeseni ya dagaa, madumu ya mawese na mizigo ya kuni hupita juu ya vichwa vya watu tangu alfajiri, imezoeleka kuamini kwamba shingo inayoumia kuliko zote ni ya mchukuzi, na kwamba anayeketi nyuma ya cherehani au meza ya ofisi amesalimika. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Uzito unaoshuka wima juu ya shingo iliyonyooka huhimiliwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kinachoisumbua shingo mara nyingi zaidi ni pembe, yaani kichwa kutoka nje ya mstari wake, pamoja na muda ambao kimeachwa hapo bila kusogezwa. Ili tuelewe kwa nini iwe hivyo, inabidi kwanza tuache kuifikiria shingo kama nguzo moja. Kwa kazi yake, shingo ni mitambo miwili iliyopandana, wa juu ukiwa mfupi na mwepesi wa kugeuka, wa chini ukiwa mrefu zaidi na wa kubeba, na malalamiko mengi ya shingo hueleweka tu pale unapojua ni mtambo upi unaolalamika.

Mifupa yenyewe ni pingili saba. Idadi hiyo anayo pia twiga, na karibu kila mnyama anayenyonyesha. Shingo ya twiga ni ndefu kwa sababu kila pingili yake ni ndefu, wala si kwa sababu amezidishiwa pingili. Bundi, ambaye si wa ukoo huo, ana pingili 14, na ndiyo maana anaweza kugeuza uso nyuzi 270 bila kusogeza mabawa. Pingili za binadamu huhesabiwa kutoka juu kwenda chini. Ukiinamisha kichwa na kupitisha kidole kwenye ukosi kuelekea mgongoni, utakutana na nundu ngumu inayojitokeza kuliko nyingine, na kwa watu wengi hiyo ndiyo pingili ya saba, mahali shingo inapoishia na mgongo unapoanzia.

Ukitaka kuona tofauti iliyotufanya tuwe na shingo ya namna hii, si lazima kwenda mbali na Kibirizi. Kaskazini mwa mji, ufukweni kwa Ziwa Tanganyika, iko Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Tundu la fuvu la sokwe, ambamo ugwe wa neva hutokea kwenye ubongo na kuingia katika uti wa mgongo, limekaa kuelekea nyuma, hivyo kichwa chake huning'inia mbele na kushikiliwa na misuli minene ya ukosi. Kwa binadamu tundu hilo limesogea hadi karibu na katikati ya sakafu ya fuvu, na kichwa kimekalia shingo karibu kwa usawa. Nasema karibu, kwa sababu uzito wa kichwa, ambao kwa mtu mzima ni kilo 4 hadi 5, bado umeegemea mbele kidogo ya maungio yanayoubeba. Ndiyo maana abiria wa treni ya kutoka Tabora anaposinzia ameketi, kidevu humwangukia kifuani: misuli ya ukosi iliyokuwa ikikizuia kichwa imelegea, na uzito umefuata njia yake.

Mtambo wa juu una pingili mbili tu, na hizo hazifanani na pingili nyingine yoyote mwilini. Ya kwanza, iitwayo atlasi, haina kile kipande kinene cha mbele ambacho pingili nyingine hutumia kubeba uzito. Yenyewe ni duara la mfupa lenye vibonde viwili juu, kulia na kushoto, ambavyo fuvu huketi ndani yake. Vibonde hivyo ni virefu kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo fuvu huweza kubembea mbele na nyuma, kama mtu anapoitikia kwa kichwa, lakini haliwezi kugeuka pembeni isipokuwa kwa kiasi kidogo mno. Kazi ya kugeuka imeachiwa kiungo kinachofuata. Pingili ya pili, aksisi, ina mfupa uliochomoza kwenda juu, unaoitwa jino, na jino hilo hupenya ndani ya duara la atlasi. Mtu anapokataa kwa kichwa, atlasi ikiwa imelibeba fuvu zima huzunguka juu ya jino hilo kama pete inavyozunguka kidole. Shingo yenye afya hugeuka kiasi cha nyuzi 70 hadi 80 kila upande, na karibu nusu ya mgeuko huo hutokea katika kiungo hiki kimoja.

Uhuru huo una gharama yake. Kati ya fuvu na atlasi hakuna diski, yaani ule mto laini unaokaa kati ya pingili na pingili, wala hakuna kati ya atlasi na aksisi, na mifupa yenyewe haijashikana kwa umbo. Kinachoishikilia ni ligamenti, yaani mikanda migumu inayounganisha mfupa na mfupa. Mmoja wa mikanda hiyo hupita nyuma ya jino na kulibana lisirudi nyuma kuugonga ugwe wa neva. Mingine miwili, mifupi na imara, huanzia kwenye ncha ya jino na kushika fuvu kulia na kushoto, na ndiyo inayosimamisha mgeuko unapofika kikomo. Ugonjwa wa baridi yabisi ukikaa mwilini miaka mingi huweza kuulegeza ule mkanda wa nyuma ya jino, na ndiyo maana mgonjwa wa aina hiyo anapopelekwa chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi hupenda kujua hali ya shingo yake kabla ya kuikunja.

Mtambo huu unaweza kutengwa na ule wa chini kwa jaribio rahisi, ambalo asilifanye mwenye jeraha, kizunguzungu au ganzi. Keti wima, inamisha kichwa taratibu hadi kidevu kikaribie kifua, kisha, ukiwa umekiacha kichwa hapo hapo, geuza uso kulia na kushoto. Kwa kuinama hivyo, pingili za chini zimekwisha kukazwa na haziwezi kugeuka sana. Mgeuko unaobaki, ambao ni kama nyuzi 40 na zaidi kidogo kila upande, unatoka kwa atlasi na aksisi. Wataalamu wa fiziotherapia hutumia kipimo hicho kwa watu wanaoumwa kichwa kinachoanzia kisogoni, kwa kuwa upande mmoja ukigoma mapema kuliko mwingine, kuna sababu ya kushuku kwamba maumivu ya kichwa yanatoka shingoni.

Kuanzia pingili ya pili kwenda chini mambo hubadilika. Sasa kuna diski kati ya pingili na pingili, jumla yake sita, ya mwisho ikiwa kati ya pingili ya saba ya shingo na ya kwanza ya mgongo. Nyuma ya diski, kila pingili hugusana na ile ya chini yake kwa viungo viwili vidogo vyenye nyuso laini za gegedu, yaani tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, na nyuso hizo zimelala mshazari wa takribani nyuzi 45. Mshazari huo ndio unaoamua kila kitu. Kwa kuwa nyuso zimeinama, pingili haiwezi kulala ubavu bila pia kugeuka, wala haiwezi kugeuka bila pia kulala. Mtu akijaribu kulaza sikio begani huku macho yakitazama mbele, pingili zake za chini zinageuka kuelekea upande uleule anakolalia, na atlasi inageuka kinyume ili kufidia na kuuacha uso mahali pake. Tendo linaloonekana jepesi kama kumsikiliza mtoto aliyesimama pembeni linahitaji mitambo yote miwili ikokotoe pembe zinazopingana, na hakuna anayeihisi kazi hiyo hadi siku anapoamka shingo imekakamaa.

Katika kuinama na kuinua kichwa, mwendo mkubwa wa mtambo wa chini hutokea karibu na pingili ya tano na ya sita, na mahali penye mwendo mwingi ndipo uchakavu unapoanza. Sehemu ya ndani ya diski, ambayo kwa kijana imejaa maji, hukauka kadiri umri unavyosonga, diski hupungua kimo, na pembeni mwa pingili huota vichomozo vya mfupa. Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu karatasi nyingi za eksirei zimewatia watu hofu isiyo ya lazima. Mtu wa miaka 50 akiambiwa kwamba pingili zake zimesagika, huondoka hospitalini akiamini kwamba shingo inabomoka na kwamba asiisogeze tena. Ukweli ni kwamba mabadiliko hayo hupatikana pia kwa watu wengi wa umri huo wasioumwa chochote. Picha inaonyesha umri wa shingo. Kama picha hiyo ndiyo sababu ya maumivu, hilo huamuliwa na anayempima mgonjwa kwa mikono na kumsikiliza, na kumwambia mtu asisogeze shingo kwa sababu ya eksirei peke yake ni ushauri unaoleta ukakamavu ule ule unaokusudiwa kuzuiwa.

Misuli nayo imepangwa kwa tabaka. Wa kwanza kuonekana ni ule unaotoka nyuma ya sikio na kushuka mshazari hadi kwenye mtulinga na kidari. Geuza uso kulia mbele ya kioo nawe utauona wa kushoto ukisimama kama kamba. Nyuma kuna misuli mipana inayounganisha kisogo na shingo na mabega, ambayo ndiyo husingiziwa kila uchovu. Lakini kazi ya kushikilia pingili moja moja mahali pake hufanywa na misuli midogo iliyo ndani, ikiwemo ile iliyolala mbele ya pingili nyuma ya koo, ambayo hakuna mkono unaoweza kuifikia vizuri kuikanda. Maalumu kuliko yote ni misuli mifupi iliyo chini kabisa ya kisogo. Hiyo imejaa vihisio vinavyoueleza ubongo kichwa kimekaaje, na imefungamana na macho. Weka ncha za vidole chini ya kisogo, fumba macho, kisha tembeza macho kulia na kushoto bila kugeuza kichwa: utahisi misuli ikikazana chini ya vidole, ingawa kichwa hakijasogea. Kwa sababu hiyo anayekazia macho kazi ndogo ndogo siku nzima, kwa mfano fundi cherehani wa Ujiji anayetunga uzi au kupinda ukingo wa kitenge, huchoka kisogo hata kama hajanyanyua kitu kizito zaidi ya mkasi.

Sasa turudi kwenye mzigo. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa zaidi ya vichwa vinne, na bado mwanamke anayeibeba juu ya kata hutembea ameinua uso. Kata husambaza uzito juu ya utosi na kuuelekeza katikati, na mzigo wenyewe humlazimisha mbebaji kunyoosha shingo, kwa kuwa akiinamisha kichwa unaanguka. Njia huitazama kwa macho tu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake uliofanyika Kenya, ukionyesha kwamba wanawake wa Kiluo waliozoea kubeba kichwani, na wa Kikuyu waliozoea kubeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji, waliweza kuchukua hadi takribani asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia oksijeni zaidi ya ile waliyotumia wakitembea mikono mitupu. Matokeo hayo yamenukuliwa sana, na mara nyingine yamenukuliwa vibaya. Yalipima nguvu inayotumika mwilini wakati wa kutembea. Hayakupima gegedu za shingo. Tafiti nyingine zilizopiga picha za eksirei shingo za wachukuzi wa kichwani zimeonyesha kwamba uchakavu wa pingili za chini huwa mwingi kwao kuliko kwa wasiobeba. Kwa hiyo mzigo wima hauko bure. Shingo inaulipa polepole, kwa miaka.

Hata hivyo, hatari kubwa ya mchukuzi haiko katika kutembea na mzigo. Iko katika kutwika na kutua. Anayejitwika beseni la dagaa peke yake hulipandisha kwa mikono miwili, hukipeleka kichwa mbele kulipokea, na kwa muda mfupi uzito wote hukalia shingo iliyoinama na iliyogeuka kidogo, yaani shingo ambayo viungo vyake vya mshazari vimekwisha kufika mwisho wa mwendo wao upande mmoja. Hali hiyo hiyo hutokea anapojikwaa kwenye mchanga. Kutwikwa na mwenzako, jambo ambalo desturi imelijua muda mrefu kabla ya vitabu, hupunguza hatari hiyo kuliko dawa yoyote ya kuchua.

Upande wa pili ni yule asiyebeba kitu. Kichwa kikiinama, uzito wake husogea mbele ya maungio, na misuli ya ukosi hulazimika kuvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe ili kisianguke. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa Marekani, Kenneth Hansraj, alikadiria kwamba kichwa kilichoinama nyuzi 60 huitwisha shingo mzigo wa kilo 27 hivi. Takwimu hiyo imezunguka kila mahali pamoja na picha za vijana wenye simu, na inafaa ikumbukwe kwamba ni hesabu ya kielelezo cha kompyuta. Haikupimwa ndani ya shingo ya mtu hai, na tafiti zilizowafuatilia watumiaji wa simu hazijakubaliana kwamba kuinama peke yake ndiko kunakoleta maumivu. Mimi naona kosa liko zaidi kwenye muda. Misuli iliyokazwa mfululizo hupata damu kidogo, na gegedu hupata lishe yake kwa kubanwa na kuachiwa, si kwa kubanwa tu. Mwanamke anayeanua dagaa juu ya chanja huinama sana lakini husogea kila mara. Anayetazama tamthilia kwenye simu akiwa amelalia mto mrefu hainami kuliko yeye, ila hasogei.

Wapo pia wanaotazama juu. Mkata mikungu ya michikichi anayefanya kazi akiwa chini, kwa mundu uliofungwa kwenye mti mrefu, hukaa amelaza kichwa nyuma. Mkao huo huyapunguza matundu ya pembeni ambamo neva hutokea kati ya pingili na pingili. Neva za shingo ni jozi nane ingawa pingili ni saba, kwa kuwa ya kwanza hutokea juu ya atlasi na ya nane chini ya pingili ya saba. Kwa kijana matundu yana nafasi ya kutosha. Kwa mtu mzima mwenye vichomozo vya mfupa, kutazama juu kunaweza kuibana neva, na maumivu yakasikika mbali na shingo. Neva ya sita ikibanwa, ganzi huelekea kidole gumba; ya saba, kidole cha kati; ya nane, kidole kidogo. Wengi wa namna hii hupakwa dawa mkononi wiki nyingi bila nafuu. Dalili moja inayosaidia ni pale mgonjwa anapopata unafuu kwa kuweka kiganja juu ya utosi, kwa kuwa neva hulegea. Wengi hupona bila upasuaji baada ya wiki au miezi kadhaa, ilimradi nguvu za mkono zisiwe zinapungua.

Kuna desturi nyingine ambayo siipendi, nayo ni ya kinyozi kumaliza kazi kwa kushika kidevu na kisogo cha mteja na kuizungusha shingo ghafla hadi ilie. Mlio wenyewe hauna maana ya mfupa kurudi mahali pake. Ni povu la gesi linalotokea katika ute wa kiungo kinapopanuliwa kwa haraka. Tatizo ni kilichopita kando ya kiungo. Mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo huingia kwenye vitundu vya pembeni vya pingili ya sita na kupanda pingili kwa pingili hadi atlasi, ambako hupinda kona kali kabla ya kuingia fuvuni. Kugeuzwa kwa nguvu huweza, kwa nadra, kuchana ukuta wa ndani wa mshipa huo, damu ikaganda, na kiharusi kikafuata kwa mtu aliyeingia saluni akiwa mzima. Hata kulaza shingo nyuma kwenye ukingo wa sinki la kuoshea nywele kumewahi kuhusishwa na kiharusi, kama alivyoripoti daktari Michael Weintraub mwaka 1993. Ni nadra, lakini faida inayowekwa dhidi ya hatari hiyo ni mlio tu.

Kuhusu majeraha, mawili hutokea katika mazingira yetu: ajali ya bodaboda, na kijana anayerukia ziwani kichwa mbele mahali penye kina kifupi. Katika kuruka, shingo huwa imeinama kidogo, pindo lake la asili limenyooka, na nguvu yote ya mwili hushuka moja kwa moja hadi pingili ikapasuka. Uti uliohimili ndoo iliyotwikwa taratibu hauhimili mwili unaosimamishwa kwa ghafla. Ugwe ukijeruhiwa juu ya neva ya tatu, ya nne na ya tano, zinazoendesha kiwambo cha kupumulia, majeruhi hawezi kupumua mwenyewe. Kwa hiyo aliyeanguka na kulalamika shingo, au aliyepoteza fahamu, asiketishwe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki ili awahishwe hospitali ya Maweni. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kikiwa sambamba na kiwiliwili, wengine wamgeuze na kumnyanyua kwa pamoja juu ya ubao au mlango, na kofia ngumu isivutwe kama anapumua vizuri. Aliye majini atolewe kwanza, shingo ikishikwa kadiri inavyowezekana.

Mwisho ni homa. Anayeamka shingo imekaza baada ya kulala vibaya hushindwa hasa kugeuka au kulalia upande mmoja, lakini kuinamisha kidevu kifuani huwa anaweza, japo kwa shida. Katika homa ya uti wa mgongo, ambayo ni uvimbe wa utando unaoufunika ubongo na ugwe, kinachogoma ni kuinama mbele, kwa sababu tendo hilo huuvuta utando uliovimba kutoka kisogoni hadi chini. Kwa hiyo homa, kichwa kuuma sana na kidevu kisichofika kifuani ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, wala si ya kuchuliwa mafuta. Kwa mtoto mchanga hata ukakamavu huo huweza kukosekana kabisa, na mzazi hubaki na dalili nyingine za kuangalia: utosi uliotuna, kukataa kunyonya, kulegea, na kilio kisichotulia anapobebwa.